Ile ya Kugusa na Ile ya Vibonye

Mtaa wa Oli,
Arua.
Jumatano, 24 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Latifu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, wewe na Hawah na watoto, na kwamba kikohozi cha Mjomba kimepungua. Je, bado anakataa kuvaa sweta? Mwambie mimi ndiye niliyeuliza, labda ataona haya. Sisi huku tuko hai, alhamdulillahi. Mvua inanyesha kila siku, njia ya sokoni ni tope tupu, na umeme unakuja unapojisikia. Cherehani yangu nzima, mgongo ndio unaolalamika.

Ukifungua kifurushi utaona nimerudisha mashine kubwa ya kusomea, ile ya kugusa, ile ile niliyokusifia kwenye simu mpaka ukanicheka. Usiseme kichwa cha Shakirah kimeharibika. Soma kwanza. Umenipigia mara nne tangu Jumapili na sikushika simu, kwa sababu nyumba hii haina mlango unaofunga vizuri, na masikio ya Baba ni mazima kuliko yangu na yako. Na ukishasoma, tafadhali, usimpigie mtu yeyote wa Koboko mpaka mimi nikupigie. Nakuomba kwa ajili ya marehemu Mama, shangazi yako.

Wewe ulifika Koboko mara moja tu, ukiwa bado unabebwa, kwa hiyo acha nikueleze mambo ya kwetu yalivyo. Maulidi ya ukoo husomwa kila mwaka katika nyumba ya marehemu Babu, Jumamosi moja ya mwezi wa Maulidi, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Msomaji ni mmoja tu. Baba ndiye msomaji, huu mwaka wa thelathini na nane. Na Babu aliacha sharti moja: haisomwi kwa kichwa. Jicho liwe juu ya maandishi. Zamani msomaji mmoja alijiamini sana akaruka sehemu nzima, watu wakasimama kabla ya wakati wa kusimama, wageni kutoka Yei wakabaki wanatazamana, na Babu aliona aibu siku hiyo mpaka akalala na homa. Tangu hapo, asiyeona herufi hashiki kitabu. Hakuna mjadala.

Basi mwezi wa pili Ami Muzamili, mdogo wake Baba, aliitisha kikao. Alisema mwaka jana alimwona kaka yake akifungua kurasa mbili kwa pamoja. Alisema kwa heshima, siwezi kumsingizia, lakini alisema mbele ya watu: macho yakichoka si dhambi, mwanangu Siraji yuko, ana sauti, atashika. Siraji nilishakusimulia, si ndiyo? Yule anayeuza spea za pikipiki karibu na stendi. Sasa ana miaka arobaini na kitambi.

Tulipofika Arua ndipo Baba aliponiambia, "Siku watatoa kitabu mkononi yangu, mimi nitafanya nini? Nitakaa kuchunga kuku?" Aliyasema huku anacheka, lakini usiku huo hakula. Wiki iliyofuata akaenda hospitali kwa daktari wa macho, peke yake, akanikataza kumfuata. Akarudi akasema daktari ameagiza herufi kubwa tu, basi. Ndipo nikakupigia wewe unayeuza vitu kama hivi dukani, nikakuuliza kama ziko mashine za kukuza herufi za kitabu. Na wewe, Mungu akulipe, ukanitumia mbili kwa basi nichague moja.

Nilizipima zile mashine kama mtu anayechagua mume. Kitabu cha Babu nilikipeleka kwa fotokopi wakakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na alama zake za kalamu pembeni, nikaziingiza zote kama ulivyonielekeza. Ile ya vibonye ni ndogo, nzito kidogo, inageuza ukurasa polepole kama mtu anayefikiria kwanza. Ile ya kugusa ni pana, nyepesi, herufi moja unaiona kama kijiko. Nikazipeleka juani, zote zikasomeka. Nikaziacha siku sita bila chaji, zote zikavumilia. Kila siku baada ya alasiri nilifunga cherehani, nikakaa na Baba barazani, nikampa hii, nikampa ile. Mwanzoni nilikuwa namwambia "geuza" kioo kinapoisha. Baada ya siku mbili hakunihitaji tena. Alisoma zote mbili bila kukwama hata mahali pamoja, Latifu. Bila kukwama! Nilikuwa nasikiliza huku nasema moyoni, Ami Muzamili, njoo usikie sasa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia chukua ndogo. Ni Celestina, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu jirani na kibanda changu. Naye anayo ya kugusa, anasomea nyimbo za kanisa. Aliniambia, "Hii kitu ikipata tone moja ya maji, inafikiri ni kidole. Inaruka yenyewe." Nikamjibu Baba haendi kuuza samaki, anakwenda kusoma Maulidi. Kiburi changu unakijua. Nikamuuliza Baba mwenyewe ipi nzuri, hii pana au hii ndogo? Akasema pana. Nikafurahi kwa sababu na mimi nilikuwa naitaka hiyo.

Sasa fika nami Jumamosi. Turubai limefungwa uani, mikeka imejaa, wanaume upande wa kulia na sisi wanawake kushoto, tumejifunga vitambaa vyetu vya gurbaba vya rangi zote. Baba katikati, kanzu nyeupe, mashine mkononi. Wazee wengine waliitazama ile mashine kwa jicho la pembeni, lakini Ami Muzamili alisema maandishi ni maandishi. Halafu akamkalisha Siraji bega kwa bega na Baba. Siraji alikuwa na simu mkononi, imefunguliwa kwenye kitabu kile kile. Kila mtu alielewa yuko pale kwa kazi gani. Baba akiteleza tu, Siraji anachukua.

Sikunywa chai asubuhi ile. Nilikaa kwenye ukingo wa mkeka, nimeshika goti la Shangazi Fatumah mpaka akanipiga mkono. Baba alianza vizuri. Sauti yake ilitoka ya zamani, ile ya nilipokuwa mtoto. Sehemu ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kidole chake kinagusa, kioo kinageuka. Nikaanza kupumua.

Tukafika mahali pa kusimama. Watu wote wakainuka, udi ukapita, na Ami Muzamili akachukua mrashi akaanza kuwanyunyizia watu marashi. Alipofika kwa kaka yake akamtikisia mara tatu kichwani, kwa heshima. Matone yakamwagika kwenye kilemba, kwenye mabega, na kwenye kile kioo. Ami akapita, akaenda kwa wengine.

Hapo nilimwona Siraji akishtuka. Akatazama kioo cha Baba, akatazama simu yake, akatazama tena kioo. Halafu akanyoosha mkono kuelekea mashine. Wallahi, Latifu, damu ilinipanda. Nilijua anamnyang'anya. Nilishasogeza mguu mmoja nje ya mkeka, na kama nisingeona haya kwa Mtume ningepiga kelele nikavunja Maulidi ya watu. Lakini hakuichukua. Aliifuta kwa mkono wa kanzu yake, akagusa kioo mara moja, mara mbili, mara nyingi, taratibu, halafu akaushusha mkono na kutazama mbele. Baba hakusimama hata kidogo. Alisoma moja kwa moja mpaka mwisho, akapokea amina za watu, na Ami Muzamili akamkumbatia mbele ya wote. Mimi nililia. Nilisema tumeshinda.

Nikiwa naosha mabakuli ya pilau nyuma ya jiko, Siraji akaja. Akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kudai. Nikamuuliza ameshiba au anataka na sufuria. Hakucheka. Akasema, "Shakirah, Baba mkubwa haoni."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema. Aliningoja nimalize, akanieleza. Marashi yalipoanguka, kioo kiliruka kurasa kwa kurasa, mbele na nyuma, mpaka kikasimama kwenye jalada la kitabu. Jalada tupu, hata neno la kusoma halipo. Na Baba alikuwa ametulia anatazama lile jalada, anasoma mahali pa kusimama, neno kwa neno, bila kukosea. Siraji ndiye aliyerudisha ukurasa ili mzee mwingine asione. Nikamwambia muongo. Nikamwambia wewe na baba yako mnakitaka kitabu. Akasema sawa, akaondoka.

Jumapili tulirudi Arua. Jumatatu sikuweza kushona, nilishona mkono wa gauni la mteja wa Manibe ndani nje. Baada ya alasiri nikakaa barazani na Baba kama kawaida. Nikachukua ile mashine pana, nikaizima kabisa, kioo kitupu kama sahani. Nikampa. Nikasema, "Baba, nisomee kidogo, nimekumbuka Jumamosi."

Akaivuta karibu. Akainamisha kichwa kama anavyofanya siku zote. Akasoma. Akafika mahali ambapo kioo huisha, akaweka kidole, akageuza ukurasa ambao haupo, akaendelea. Nilimwacha muda mrefu kuliko ilivyofaa. Mwishowe nikasema, "Baba, hiyo imezimwa."

Hakushtuka. Alimaliza kwanza ile sentensi, kwa sababu haikatwi katikati, ndipo akaiweka mapajani.

"Nani aliona?" akauliza.

Ukweli wote ukatoka hapo. Katikati ya jicho ni giza, aliniambia, pembeni anaona kidogo: anaona mtu anapita, anaona mwanga wa mlango. Herufi hapana. Tangu Ramadhani ya mwaka jana. Maana yake hata Maulidi ya mwaka jana hakuona kitu. Na daktari hakusema herufi kubwa. Daktari alisema arudi na mtoto wake, awaeleze pamoja, na yeye hakutaka mimi nijue.

Nilimfokea, Latifu. Nilimfokea baba yangu mzazi. Nilimwambia wiki mbili nimefunga kazi, nakaa hapa napeleka mashine juani na kivulini kama mwendawazimu, na wewe unanitazama! Halafu nikasikia nilichosema: unanitazama. Lakini sema ukweli, mjinga si ni mimi? Mtu amesoma kitabu kimoja miaka thelathini na nane, mimi nampima macho kwa kitabu hicho hicho! Ningempa gazeti, ningempa karatasi ya dawa, ningejua siku ya kwanza. Sikumpa kwa sababu nilitaka apite.

Nikamuuliza, basi kwa nini ulisema ile pana? Akajibu, "Sauti yako ilikuwa inataka pana. Mimi zote iko sawa."

Tukakaa. Mvua ikaanza, hakuna aliyeinuka. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Wakati wa kusimama, alisikia hii kitu inasukumwa mkononi mwake, kidole kinagonga gonga. Ni nani? Alifikiri ni Muzamili, na alikuwa amejitayarisha kuaibishwa. Nikamwambia ni Siraji. Nikamweleza jalada, na mkono wa kanzu, na kwamba Siraji hajamwambia hata baba yake. Baadaye nilimpigia Siraji simu kuhakikisha, na kumwomba radhi kwa matusi. Amenisamehe, ila amesema nitamlipa kwa kanzu.

Jana baada ya alfajiri Baba akaniita. Ameamua. Ijumaa tunakwenda Koboko, tutaswali huko, na baada ya swala atamwambia Ami Muzamili yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wale waliokuwa kwenye kikao: kwamba hakuona herufi mwaka huu wala mwaka jana, na sharti la baba yao amelivunja mara mbili. Halafu atampa Siraji kitabu. Nilimwambia si lazima kusema yote, mpe tu kitabu na useme umechoka, nani atauliza? Akanikatalia. Akasema yule amemfichia aibu, sasa kama yeye naye atanyamaza, Siraji atabeba uongo ambao si wake kila akikutana na baba yake.

Na ameagiza ile ndogo ya vibonye iende kwa Siraji pamoja na kitabu. "Hiyo haisikii maji," alisema. Ndiyo maana nimerudisha pana. Hiyo ndogo usiiulize tena, imepata mwenyewe.

Naogopa, Latifu. Naandika hivyo wazi kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Sijui Ami ataipokeaje. Anaweza kumkumbatia, anaweza kusema maneno ya kikao kile mara mbili, na wapo wazee ambao wataona Maulidi mbili zetu zimeharibika. Na hata wakimsamehe, tukirudi Arua, huyu mtu atakuwa nani? Watu wa Koboko hawamwiti kwa jina lake, Asuman. Wanamwita mzee wa kitabu. Wiki ijayo nitampeleka kwa yule daktari, na safari hii nitaingia ndani naye, anitake asinitake.

Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi ile kanzu yake kwa ajili ya Ijumaa. Yeye amekaa mlangoni kwenye mwanga, amenielekea. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza. Na mimi je, Baba, unaniona? Akasema anaona gauni, anaona ni la kijani. Nikamuuliza, na uso?

Akagusa paji lake. "Uso yako iko hapa," akasema. "Lakini iko ya mwaka juzi." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umezeeka?"

Nikamwambia bado, Baba. Nikaendelea na pasi.

Nisalimie sana Hawah, na mwambie vitambaa alivyoagiza nitavituma nikipata mtu wa kuaminika. Nisalimie Mjomba, mshikie mkono kwa niaba yangu. Wabusu watoto. Baba anakusalimu na anakushukuru kwa zote mbili, hajasema ipi zaidi. Mwombee Ijumaa, na ukisimama kuswali huko Kibera wataje yeye na ndugu yake kwa pamoja. Mungu akulinde na safari zako na kazi yako, akupe macho ya kuwaona wanao wakikua mpaka waoe.

Dada yako akupendaye, hata usipopigiwa simu,

Shakirah